Swali Nililokujibia, Dada Rispa

Dada Rispa,

Cherehani yako iko pale pale ulipoiacha, upande wa mlango, na kile kitambaa cha maua bado kinaifunika. Kwa miezi saba sikumruhusu mtu aikalie. Watu wa soko la Kariokor wananijua: ukiniudhi nakuambia, na usiponiudhi pia nakuambia. Lakini kuhusu hiyo mashine sikuwa na maneno. Nilikuwa nanyoosha kidole tu, mtu anaondoka. Mabegi ya ngozi ya wateja nimekuwa nikimpelekea fundi wa ng'ambo ya barabara ayatie bitana, naye anayashona ovyo, pembe zote zinakunjamana. Ungeyaona ungenirudishia yote niyafumue.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna jambo nililifanya mbele yako, wewe ukiwa umeketi kwenye kiti cha plastiki na mkoba wako magotini, na mpaka ulipofumba macho sikukuomba msamaha. Sikujua kama nimekosa. Sasa najua, na wewe haupo.

Ulikuwa ukiniambia tangu tukiwa watoto Makongeni, "Weke, acha mtu ajibu swali lake." Nimekusikia ukilisema hilo mara nyingi kuliko jina langu. Mama akiuliza Rispa amekula, mimi nimeshajibu. Siku Wandera alipokuja nyumbani na wazee wake kukuposa, Baba alikuuliza mbele ya watu kama unamjua kijana huyu, nami nikapaza sauti kutoka jikoni, "Anamjua sana!" Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Baadaye ulinikimbiza na mwiko hadi kwenye mabomba ya maji. Sikujirekebisha. Nilidhani huo ndio uchangamfu wangu, ndio maana watu wanapenda kununua kwangu.

Sasa nirudi kwenye kile chumba. Ni miaka sita sasa. Ulikuwa umegundua uvimbe kwenye titi la kushoto, nami nikakusindikiza kwa sababu Wandera alikuwa zamu kiwandani na hakupewa ruhusa. Daktari alikuwa kijana, mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alichukua karatasi, akasema anataka kuchora ukoo wetu. Wanawake miduara, wanaume miraba. Akakuchora wewe katikati. Kisha akakuuliza wewe, Dada, macho yake yakiwa kwako: katika familia yenu, kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au ya tumbo la uzazi?

Nikajibu, "Kwetu hakuna, daktari. Mama yetu alienda na presha, tena akiwa mzee. Dada zake wako wazima, wanalima."

Akauliza, "Na upande wa baba?"

Ulifungua mdomo. Nilikusikia ukisema, "Kuna Senge..." Sikukuacha ufike mbali. Nikasema, "Hao ni dada za Baba, waliolewa kitambo, wako kwa watu." Halafu, kwa kuwa nilitaka kukuondolea hofu, na kwa kuwa napenda kuchekesha, nikaongeza kwamba Baba ni mwanaume, mwanaume atampaje mtu ugonjwa wa matiti? Daktari akatabasamu kidogo. Nje foleni ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Akaandika neno moja upande ule wa karatasi, akakunja. Wewe ukatazama mkoba wako.

Simlaumu yule kijana. Aliuliza vizuri, na akauliza mara mbili.

Unajua jinsi kwetu tulivyo. Binti akishatolewa mahari ni wa kule alikoenda. Akiugua, anaugulia kule, na akifa anazikwa kwa mumewe, sisi tunaenda kama wageni, tunakaa kwenye hema letu la wakwe, tunapewa chakula chetu, tunasema maneno yetu machache na kurudi. Kifo chake kinaingia katika hesabu ya nyumba ile. Kwenye boma la Babu kule kijijini yamejipanga makaburi ya wanaume na wake zao, na ukiyatazama unasema kwa kweli ukoo huu una afya, watu wake wamezeeka. Mimi nilipomjibu daktari sikuwa nadanganya. Nilihesabu makaburi ya nyumbani, nikaona hakuna.

Walikukata titi. Ukapigwa dawa za kemo, nywele zikaisha, ukawa unavaa kile kilemba cha kijani na kuwaambia wateja kwamba ni mtindo mpya. Ukapona. Wiki ya kwanza uliporudi kwenye mashine ulishona mabegi mpaka nikakosa ngozi, ili tu unionyeshe. Zaidi ya miaka minne ikapita. Tukaacha hata kukitaja kile kitu.

Kisha tumbo likaanza. Ulisema unashiba upesi na sketi zinabana. Nikajibu, "Ni gesi, punguza maharagwe." Uliponiambia tena nikasema ni vidonda vya tumbo, na mke wangu Jane akaanza kukuletea maziwa kila asubuhi. Baada ya hapo hukuniambia tena. Ulienda hospitali peke yako, na nilipokuona ulikuwa tayari na karatasi ya kulazwa.

Siku ya pili wodini ulinishika mkono ukasema, "Weke, tumbo hili nimeliona mahali."

Nikakwambia usijitabirie mabaya. Nikaanza kukusimulia kuhusu yule mteja wa Ziwani aliyerudisha viatu vyangu vya tairi, zile akala, akidai zote mbili ni za mguu wa kulia. Hukucheka. Uligeukia ukutani, nami nikaendelea kusimulia. Dada, najichukia kwa sababu ya hadithi ile. Ulitaka kuniambia kitu nami nilikuwa na mdomo umejaa akala.

Ulikuwa unamkumbuka Senge Naliaka. Sasa nimeelewa. Alikuja kwetu Makongeni tukiwa wadogo, wewe kama miaka kumi, mimi saba, kutafuta matibabu huku mjini. Tulimpa kitanda, tukalala chini. Tumbo lake lilikuwa kubwa, miguu myembamba, nami nilimwuliza kama mtoto atakuwa wa kiume, Mama akanitoa nje kwa sikio. Wewe ndiye uliyekuwa ukimkanda miguu jioni baada ya kuosha vyombo. Watu wazima walinong'ona kwamba mke mwenzake amemroga. Alirudi kwake Webuye, na siku moja Baba akapanda treni kwenda kumzika. Alikuwa ameleta karanga za kukaanga, amezifunga kwenye leso. Wewe ulikumbuka tumbo lake. Mimi nilikumbuka karanga.

Daktari Amina, yule mama wa ushungi wa bluu, ndiye aliyeomba damu yako ipelekwe kupimwa jeni. Alisema mtu akiugua titi kabla ya hamsini, kisha vile vifuko vya mayai ya uzazi vikaugua pia, damu yake inapaswa kuulizwa maswali. Damu ikaenda. Majibu hayakukukuta.

Tulikuzika Funyula, kwa kina Wandera, chini kidogo ya nyumba ya mama mkwe wako. Walikupa heshima, siwezi kusema neno. Kwaya ya kanisa lenu iliimba mpaka sauti zikakauka, na mwanao Brian alisimama wima kama mwanaume mzima. Nilikuwa nimekaa kwenye hema la wakwe pamoja na Senge Nelima, ambaye sasa ni yeye tu aliyebaki kati ya dada za Baba. Unajua hasikii vizuri, kwa hiyo anaongea kwa sauti. Mchungaji akiwa bado anaomba, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nafula tulimwacha Malakisi. Nasimiyu tukamwacha Kitale. Naliaka, Webuye. Na huyu leo tunamwacha hapa. Sisi kazi yetu ni kupeleka wasichana wetu kwenye makaburi ya watu."

Nikamwinamia sikioni nikamwuliza waliugua nini. Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza jua linatokea wapi.

"Kwani hukujua? Nafula, titi. Nasimiyu, titi. Naliaka ni tumbo, lakini mganga alisema ni mdudu yule yule ameshuka chini."

Nilikaa pale nikiwa nimeshika ile programu ya mazishi yenye picha yako, na chini ya picha tuliandika "baada ya kuugua kwa muda". Mimi ndiye niliyechagua maneno hayo. Nilitaka yawe ya heshima. Na programu ya Senge Nasimiyu, ambayo Baba aliiweka ndani ya Biblia, ina maneno yayo hayo. Nilikuwa nimeisoma miaka yote. Wanawake wanne, makaburi manne, kila moja kwenye boma lake, na hakuna siku hata moja yalipowahi kukaa mahali pamoja ili mtu ayaone.

Daktari Amina alinipigia simu wiki ya pili baada ya mazishi. Nilienda. Alinieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kila mtu ana jeni mbili za aina ile, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba, na kazi yake ni kurekebisha palipoharibika ndani ya chembe za mwili. Yako moja ilikuwa na kasoro. Wanaiita BRCA1, wenyewe wanatamka "braka wani". Alisema saratani ya matiti siyo ya aina moja. Nyingi humpata mtu bila historia yoyote ya ukoo. Chache hutembea katika familia, na alama za kwenye jeni ndizo zinazowawezesha madaktari kuzitenga, wajue dawa ipi inafaa na ni sehemu gani nyingine ya mwili inahitaji kulindwa. Alisema pia kuwa watu wengi wa huku wakipimwa hupewa jibu la "bado haijulikani", kwa sababu waliopimwa kwanza hawakuwa sisi, na vitabu havijatufikia. Yako ilijulikana wazi.

Halafu akachukua karatasi, akaanza kuchora miduara na miraba.

Safari hii sikuchekesha mtu. Nikamtajia Nafula, Nasimiyu, Naliaka. Alipaka kila duara rangi nyeusi. Alipofika kwa Baba, akachora mraba, akaweka nukta ndogo katikati. "Huyu ndiye daraja," akasema. "Wanaume hubeba, na mara nyingi wao wenyewe hawaugui, kwa hiyo hakuna anayewashuku." Baba yetu, Dada. Baba aliyekuwa akituletea mkate wa siagi kila mwisho wa mwezi. Alibeba kitu kile maisha yake yote bila kujua, akakupa wewe, akiwa hata hakujua kwamba ana cha kutoa.

Nilimwuliza ingekuwaje kama wangelijua mara ya kwanza. Akasema pengine wangekushauri upimwe mapema, na pengine utolewe vile vifuko kabla havijaugua. "Siwezi kukuapia, Bwana Wekesa. Lakini tungekaa naye, tungemwuliza anataka nini."

Tungemwuliza anataka nini. Nilirudi Kariokor nikaketi kwenye benchi langu na sikufanya kazi yoyote siku ile. Jirani yangu wa viatu alidhani nimeibiwa.

Na mimi nikapimwa. Ninayo. Niliambiwa hata mimi nijikague kifua mara kwa mara, na tezi dume yangu ichunguzwe. Ungeniona nimesimama mbele ya kioo cha Jane nikijipapasa mbavu ungecheka mpaka ukae chini, na ningekuacha ucheke.

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Binti yangu Nafula. Wewe ndiye uliyesisitiza apewe jina la Senge Nafula, ukasema jina zuri halipaswi kukaa bure. Ana miaka ishirini na tatu. Damu yangu ni nusu kwa nusu: pengine nimempa, pengine sikumpa. Na unamjua Kevo, yule kijana fundi wa simu wa Ziwani aliyekuwa akikuletea machungwa wodini? Watu wake walikuwa wameshaomba siku ya kuja nyumbani kumposa Nafula. Jane akasema tungoje wageni waje kwanza, neno hili lisije likawatangulia. Baba mdogo Simiyu alinipigia kutoka kijijini kwa hasira, kwa maana Senge Nelima alikuwa ameshatangaza huko kila mahali. "Unataka wasichana wetu wakose mabwana? Ugonjwa wa watu wa kule unauleta kwetu?"

Ukaona ajabu yangu. Mimi ninayemjibia kila mtu, nikanyamaza. Miezi mitatu. Kila Nafula akija kutusalimia naongea juu ya bei ya soli na matope ya Jogoo Road. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafanya jambo lile lile nililokufanyia wewe. Nilikuwa nimejibu swali lake kabla halijaulizwa, na jibu langu lilikuwa "hakuna".

Katika miezi hiyo mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Nilichukua kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichobaki kwenye mkoba wa mwalimu mmoja, nikachora juu yake ule ukoo wa Daktari Amina kwa kalamu. Karatasi ingechanika. Kila mwanamke nikamwekea duara, na walioondoka na ugonjwa huu nikawatoboa kwa panchi, shimo kamili, ukiinua ngozi mwangaza unapita. Wewe ulikuwa wa mwisho. Nilishika panchi, nikainua nyundo, nikashindwa. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, ndipo nikapiga.

Jumamosi moja Nafula alikuja dukani. Kabla sijainua kichwa alikuwa ameshatoa kile kitambaa cha maua, ameketi kwenye kiti chako, anatia uzi. Nilitaka kupiga kelele. Alikuwa ameinamisha shingo upande, vile vile ulivyokuwa ukiinamisha ukitafuta tundu la sindano. Badala yake nikatoa ile ngozi chini ya meza, nikamwekea juu ya mashine, nikamwambia yote: swali la daktari, utani wangu kuhusu Baba, masenge, damu yako, damu yangu.

Hakulia. Alipitisha kidole juu ya mashimo, moja moja, akauliza majina. Kisha akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia.

"Dadi, hiyo miezi mitatu ilikuwa ya nani? Ilikuwa yako ama yangu?"

Mara ya kwanza maishani mwangu mtu kaniuliza swali langu mwenyewe na sikuwa na jibu.

Hakuja kwetu wiki mbili. Jane alilia, akanilaumu, kisha akajilaumu mwenyewe. Nilidhani nimempoteza na yeye pia. Nafula aliporudi alikuwa na Kevo. Alikuwa ameshamwambia yeye mwenyewe, bila wazee, bila hema. Kevo, unajua vile huwa anaongea akiangalia viatu vyake, akasema, "Mzae, kwetu kuna kisukari ukoo mzima na hakuna mtu amewahi kutuchorea. Sisi tutangoja vile Nafu atasema." Siku ya wageni wameisogeza mbele. Nafula ndiye aliyeisogeza.

Ile ngozi nimeipeleka kwa yeyote aliyekubali kuiona. Mabinti wa Senge Nasimiyu kule Kitale wamenifungia simu, na sijawalaumu. Binti wa mwisho wa Senge Naliaka, kumbe anakaa mtaani Umoja, miaka yote amekuwa karibu yetu na hatukumjua kwa sababu ni wa ukoo mwingine. Aliishika ngozi akalia, akasema hajawahi kuona jina la mama yake limeandikwa pamoja na dada zake. Ameenda kliniki. Bado anangoja. Brian wako nimemweleza pia, kwamba na wanaume hubeba. Alisema atafikiria baada ya mitihani. Nilitaka kumwambia asifikirie sana, aende tu. Nikauma ulimi.

Na jana, Dada, ndiyo sababu ya barua hii. Jana nilimsindikiza Nafula kwa Daktari Amina.

Ni jengo lile lile. Viti ni vile vile vya plastiki, ila wamebadilisha pazia. Nafula alikaa ulipokaa wewe, mkoba magotini. Mimi nikakaa pembeni, pale pale pangu. Daktari Amina akaweka kalamu chini, akamtazama yeye, akamweleza kwamba kupimwa ni hiari yake, kwamba akipimwa akakutwa nayo si kwamba ni mgonjwa, kuna ya kufanya, na kwamba akitaka kungoja pia ni sawa. Kisha akamwuliza lile swali. Katika familia yenu, kuna mtu mwingine?

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilikuwa na majina yote tayari, yamepangwa, na maboma yao, na mwaka wa treni ya Baba. Nikasikia sauti yako waziwazi. Nikaufunga. Niliufunga mpaka meno yakauma.

Nafula hakunitazama. Alifungua mkoba, akatoa ile ngozi, akaikunjua juu ya meza, akaanza kwa shimo la mwisho.

"Huyu ni Senge Rispa," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa."

Akaendelea mpaka akawataja wote. Kisha kuhusu damu yake mwenyewe, Daktari Amina akamwuliza anaamuaje, na kukawa na kimya kirefu, kirefu sana, ambacho mimi wa zamani ningekijaza. Sitakuandikia alichosema. Ni jibu lake, na amesema atakuja Funyula mwenyewe akwambie.

Dada, nisamehe kwa lile la kwanza, na kwa gesi, na maziwa, na hadithi ya akala. Kuna mengine pia, hata yale niliyoyasahau kwa sababu nilikuwa nikiongea. Siwezi kuyarudisha. Kila nikiwaza kwamba ulikuwa umeshafungua mdomo, "Kuna Senge", maneno mawili tu, natamani kuirudia siku ile na kuziba kinywa changu kwa mkono.

Nimempa Nafula mashine yako. Bitana yake ya kwanza ilikunjamana, nikamwambia afumue, kwa niaba yako. Siku ya ukumbusho wako nitakuja na ile ngozi, na nimemwomba Wandera aniruhusu niseme mbele ya watu wake. Nitasema jina la ugonjwa. Sitasema umeugua kwa muda. Na yeyote atakayeulizwa chochote nikiwa nimekaa kando yake, mimi nitakuwa nimekaa tu.

Pumzika, Dada yangu. Jana nilinyamaza. Natumaini umenisikia.

Mdogo wako,
Wekesa